Siku Nne Emilia, na Swali Moja Mfukoni

Sentensi ya kwanza ya Kitaliano niliyoihifadhi si salamu wala asante. Ni "C'è maiale?", yaani "Mna nguruwe humu?" Mpwa wangu, ambaye huu ni mwaka wake wa tatu Chuo Kikuu cha Bologna, alinifundisha kwa simu kabla sijaondoka Mombasa. "Shangazi," akaniambia, "ukifika huku swali hilo lisikutoke mdomoni. Nguruwe yumo kwenye mkate, yumo kwenye maandazi, yumo mpaka kwenye mboga."

Nilidhani anatia chumvi.

Kwetu ni watu wa halua. Marehemu baba alipika, sasa anapika kaka yangu, babake huyu binti, na mimi nauza na kushika daftari. Nimekwenda Emilia, kaskazini mwa Italia, kumtazama mtoto, ndiyo, lakini nisiseme uongo: nimekwenda kula. Waitaliano wenyewe huiita Bologna la Grassa, Mnene, na miji midogo ya jirani yake ndiyo iliyouzia dunia jibini la Parma, siki ya Modena na paja la nguruwe lililokaushwa. Hilo la mwisho si langu. Nilitaka kuona yale mawili mengine, na kujua mtu asiyekula nguruwe wala kunywa divai anabakiwa na nini katika nchi hiyo.

Mpango ulikuwa mwepesi. Kulala chumbani kwa mpwa wangu Bologna, kila asubuhi kupanda treni kwenda mji mmoja, usiku kurudi. Miji hiyo imejipanga mstari mmoja kando ya Via Emilia, barabara waliyoijenga Warumi mwaka 187 kabla ya Kristo kutoka Rimini pwani hadi Piacenza, na reli inaifuata kama mbuzi na kamba yake. Ukitoka Bologna unakutana na Modena, halafu Reggio Emilia, halafu Parma. Kutoka mji hadi mji ni robo saa, dakika ishirini na kitu.

Jumanne, Bologna

Nilifika alasiri kwa treni ya kutoka Milano. Mvua inanyesha na mwavuli nimeusahau nyumbani. Sikuuhitaji. Bologna nyumba zimetoa ghorofa zake juu ya njia ya miguu, chini zimeshikiliwa na nguzo, nawe unatembea chini ya paa kutoka stesheni karibu hadi uwanja mkuu. Wanaziita portici. Zikipimwa zote zinafika kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO ilizitia katika urithi wa dunia. Aliyekulia Mji wa Kale hashangai sana, maana nasi tuna baraza zetu. Ila baraza ya kwetu ni ya kukaa, hizi zao ni za kupita.

Kahawa nayo wanainywa wima, kwa kikombe kidogo kama chetu. Mafunda mawili, mtu ameweka sarafu juu ya kaunta, ameondoka. Hakuna habari za mjini, hakuna kashata. Niliwaonea huruma kidogo.

Nyuma ya uwanja mkuu kuna vichochoro vya soko wanavyoviita Quadrilatero. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto hakutia chumvi. Mortadella, soseji zao za nguruwe, zimening'inizwa, nene kama magogo ya mkoko. Mapaja yamepangwa darini. Nyuma ya kioo, wanawake wawili wanakunja tortellini: kipande cha unga mraba, nyama kiasi cha punje ya dengu, kunja pembetatu, zungusha kwenye kidole, bana. Sekunde tatu. Nilisimama nikawatazama mpaka mpwa wangu akanivuta. Ndani ya ule mfuko mdogo mna nguruwe wa namna tatu: nyama ya mgongo, paja la chumvi na mortadella. Tena mna jibini la Parma, yai na kungumanga. Harufu ya kungumanga nilikuwa nimeshaipata tangu mlangoni. Nilipoisikia nikajiona niko kwa wenyeji.

Usiku tukaingia mkahawa mdogo. Mpwa wangu akaenda kunawa mikono, mhudumu akaja akanisomea chakula cha siku, na katika maneno yake nikasikia "porcini". Mimi siku hizo neno lolote linaloanza na "porc" lilikuwa linanistua. Nikasimama, nikavaa koti. Binti aliporudi akanikuta nimeshika mkoba na mhudumu ananiangalia kama niliyetukanwa.

"Shangazi, kaa. Porcini ni uyoga."

"Uyoga wa nguruwe?"

"Uyoga tu. Unaitwa hivyo, vijinguruwe. Sijui kwa nini."

Ni uyoga wa porini wa vuli, mnene, kahawia. Ulikuja juu ya tagliatelle, tambi bapa za manjano kwa wingi wa mayai. Tambi hizo zina sheria: mwaka 1972 watu wa Bologna waliandikisha kwenye chemba ya biashara ya mji kwamba tagliatella ikishapikwa iwe na upana wa milimita 8, na kipimo chake cha dhahabu kimewekwa huko. Kuhusu mchuzi wao maarufu wa nyama, ragù, msihangaike. Ndani ya nyama ya ng'ombe wanatia tumbo la nguruwe. Uyoga ule ulinitosha. Nilipangusa sahani kwa mkate, baada ya kuuliza kuhusu mkate.

Jumatano, Modena

Treni ilichukua dakika ishirini na tano hivi. Nje kote kumeganda ukungu mweupe, mashamba hayaonekani. Wanasema hapo ndipo bonde la mto Po linapoanza vuli.

Modena ni mji wa matofali na rangi ya njano iliyopauka. Kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1099, na mnara wake wa Ghirlandina wenye mita 86, vyote ni urithi wa dunia. Nilivitazama nikasema mashallah, nikaenda sokoni. Soko la Albinelli, la mwaka 1931, lina paa la chuma na katikati kisima chenye sanamu ya msichana mwenye kikapu cha matunda. Wauzaji wanapanga mboga kwa mkono mmoja na kuonya wateja wasizishike kwa mkono wa pili. Nilijihisi Marikiti.

Pale sokoni nikaona maandazi. Nasema maandazi kwa sababu sina jina jingine la kuyapa: mraba wa unga uliovimba ndani ya mafuta ya moto, mtupu ndani, wa dhahabu. Wanayaita gnocco fritto. Mate yalinijaa. Nikamfuata mwenye meza, nikamtupia sentensi yangu. Mama yule akacheka, akapiga tumbo lake kwa kiganja, akasema "Strutto!" Mafuta ya nguruwe. Kwa desturi yao unga hukandwa nayo na kukaangiwa humo humo. Akanionea huruma, akanipa zabibu bure.

Mchana tukachukua teksi hadi pembeni mwa mji, nyumba ya ukoo mmoja wanaotengeneza siki. Tulikuwa tumeweka miadi. Nilitarajia kiwanda. Tukapandishwa ngazi za mbao mpaka darini, chini ya vigae, na humo hakuna mashine hata moja. Yamelazwa mapipa tu, safu kwa safu, kila safu pipa kubwa hadi dogo kama familia iliyopangwa kupigwa picha. Harufu ilinishika puani: tamu, kali, kama ukwaju uliochemka na sukari guru.

Siki hii haianzi na divai. Inaanza na maji ya zabibu, nyingi ni Trebbiano na Lambrusco, yanayochemshwa kwenye sufuria wazi kwa saa nyingi mpaka yanapungua na kuwa mazito. Hayo ndiyo yanayotiwa kwenye pipa kubwa. Safu moja wanaiita batteria, na huwa na mapipa matano au zaidi, ya mbao tofauti: mwaloni, chestinati, cheri, mforsadi, mreteni. Juu ya kila pipa kuna tundu la mraba lililofunikwa kitambaa tu, ili hewa iingie na maji yapae. Mara moja kwa mwaka wanatoa kidogo kwenye pipa dogo kabisa. Nafasi iliyobaki inajazwa kutoka pipa linalofuata kwa ukubwa, hilo linajazwa na linalolifuata, hivyo hivyo mpaka kwenye kubwa, ambalo ndilo linalopokea maji mapya ya zabibu. Pipa halimalizwi kamwe. Ndani ya dogo mna tone la mwaka huu na tone la babu.

Na kwa nini darini? Mwenyeji wetu, mwanamume wa makamo, akatueleza kwamba wanataka hali mbaya. Kiangazi dari inawaka, siki inafanya kazi na maji yanapaa. Kipupwe inapoa kabisa, siki inatulia na uchafu unashuka chini. Mtu mwenye kiyoyozi hawezi kupata siki hii.

Miaka isiyopungua 12 ndipo inaruhusiwa kuitwa Aceto Balsamico Tradizionale di Modena, na ikifika 25 inaitwa extravecchio. Hata hapo mwenye mapipa hajipi cheo mwenyewe. Kuna jopo la waonjaji, likikataa unarudi na siki yako darini. Chupa ni moja kwa wote, ya mililita 100, tumbo la duara juu ya kitako cha mraba, na aliyeichora ni Giorgetto Giugiaro, yule yule aliyechora Volkswagen Golf ya kwanza. Mjue basi kwamba ile chupa kubwa ya "balsamic" ya dukani kwetu ni kitu kingine. Hiyo ni siki ya divai iliyochanganywa na maji ya zabibu, na sheria inaidai siku 60 tu. Si mbaya kwa kachumbari. Ila mtazame neno "tradizionale" kabla ya kufungua pochi.

Mtu ataniuliza habari ya halali. Kwa mafundisho niliyokulia, kilichogeuka chenyewe kikawa siki ni siki, na Mtume (s.a.w.) aliisifu siki kuwa kitoweo kizuri. Nikaonja bila wasiwasi, kwa kijiko cha kaure. Nyeusi, inatembea taratibu kama asali, kwanza utamu, halafu ukali unakuja kwa nyuma ya ulimi, halafu kitu kama moshi.

Nikatoa bati langu la halua. Nilikuwa nimebeba mawili, moja la binti na moja la watu kama hawa. Mama wa mwenyeji, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa amekaa jikoni chini. Akakata kipande kwa kisu cha mkate, akakiweka mdomoni, akanyamaza. Kisha akauliza, na mpwa wangu akatafsiri: "Mnakoroga saa ngapi?"

"Mwambie tatu, na mkono hausimami."

Akaitikia kwa kichwa, akaonja tena. "Na kilo mnauza bei gani?"

Nilipotaja bei akamwambia binti kwamba tunajidhulumu. Nikamwambia amjibu kuwa sisi hatuna miaka 12 ya kumngoja mteja. Bibi akacheka mpaka akashika meza. Alituonyesha safu moja aliyoianzisha mumewe binti yao alipozaliwa. Zamani ilikuwa desturi, mapipa yakue pamoja na mtoto na aolewe nayo. Binti mwenyewe ni daktari Milano na hana nafasi ya mapipa.

Nilinunua chupa moja ya miaka 12. Euro 45. Nimeandika hapa ili kaka yangu asome akiwa mbali nami.

Alhamisi, Parma

Tuliamka saa kumi alfajiri, maana jibini halimngoji mgeni. Treni ilichukua saa moja nzima hadi Parma, kisha teksi hadi kiwanda kidogo mashambani. Saa mbili asubuhi tukavalishwa kofia za karatasi na makoti meupe, mlango ukafunguliwa, mvuke ukatupiga usoni.

Mbele yangu kulikuwa na vyombo vya shaba. Vikubwa, vyenye umbo la kengele iliyopinduliwa, vimezama sakafuni na ndani vinang'aa. Kwetu halua haipikwi ila kwenye shaba, na baba alikuwa akisema aluminiamu inaunguza upande mmoja na kudanganya upande wa pili. Nikamuuliza mwenyeji kwa nini wao wanatumia shaba. Moto unaenea sawasawa, akasema. Nikatamani baba angekuwapo.

Maziwa ni ya mikamuo miwili. Ya jioni yanalazwa usiku kwenye matrei mapana, krimu inapanda, inaenguliwa, inakuwa siagi. Alfajiri yanachanganywa na maziwa mazima ya asubuhi. Chombo kimoja kinachukua lita kama 1,100, na humo yanatoka magurudumu mawili tu, kila moja kilo arobaini hivi. Fanya hesabu: zaidi ya lita 500 kwa gurudumu. Ng'ombe hawapewi majani yaliyochachushwa, ni nyasi na majani makavu, na ndani ya jibini hakuna kingine ila maziwa, chumvi na kigandishio.

Hicho kigandishio ndicho nilichokiuliza Mombasa kabla ya kusafiri, maana kinatoka tumboni mwa ndama. Masheikh wamehitilafiana. Wangu yuko upande wa wanaoruhusu, kwa hoja kwamba masahaba walikula jibini la nchi za watu. Mwenye sheikh mwingine amfuate wake.

Tulipoingia maziwa yalikuwa yameshaganda. Fundi mkuu, casaro, alichukua chombo cha waya chenye umbo la tufe refu akavunja ule mgando mpaka ukawa punje. Akapandisha moto hadi nyuzi 55. Halafu nikaona kitu ninachokijua. Akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono kwenye maji ya moto, akachota punje kiganjani, akazifinya, akazitazama, akazirudisha. Akangoja. Akachota tena. Ukutani kuna kipimajoto cha kisasa chenye namba nyekundu, wala hakukigeukia. Kaka yangu hufanya hivyo hivyo: anachovya ncha ya mwiko, anaangusha tone kwenye maji baridi, analisugua kwa vidole viwili. Ukimuuliza anatafuta nini anakwambia, "Ikifika utajua." Mimi miaka thelathini sijajua.

Kisha casaro akazima moto, na kwa karibu saa nzima hakuna aliyegusa. Punje zilizama zikashikana chini. Baadaye wanaume wawili wakainama na koleo la mbao na kitambaa cha katani, wakainua kutoka chini bonge jeupe kubwa kama mtoto wa kiboko, likining'inia na kuchuruzika. Wakalikata katikati. Vipande viwili hivyo vinaitwa gemelle, mapacha, na kila kimoja kikafungwa nguoni pake.

Maji yaliyobaki nayo yana kazi. Kiasi kinawekwa kiwe chachu ya kesho. Kingi kinakwenda kuwalisha nguruwe, wale wale wa paja la Parma. Mpwa wangu akanitazama. "Usiseme kitu," nikamwambia.

Kutoka hapo jibini linatiwa kwenye kalibu yenye vinundu vinavyoandika jina lake kuzunguka mbavu, linaogelea kwenye maji ya chumvi kwa karibu siku ishirini, halafu linapanda rafu. Ghala lile! Rafu mpaka darini, magurudumu kwa maelfu, kimya, harufu ya maziwa na nyasi kavu. Mashine inapita ikiyapangusa na kuyageuza. Jibini likitimiza miezi 12 anakuja mkaguzi wa chama chao cha wazalishaji na nyundo ndogo, anagonga kila gurudumu juu, chini na ubavuni, anasikiliza. Lenye ufa au shimo ndani linalia vibaya. Lililofaulu linachomwa alama ya moto. Lililoanguka linafutwa jina lote kwa kukwanguliwa mbavu. Walinipa nyundo nikagonga moja zuri na moja bovu. Mimi nilisikia ngo, ngo. Fundi akaniambia nirudi baada ya miaka kumi.

Ghala hizi ni benki, nami sisemi kwa mafumbo. Kuna benki ya mkoa huu inayopokea magurudumu ya jibini kuwa dhamana ya mkopo na kuyahifadhi yenyewe yakiendelea kukomaa, kama bibi zetu walivyokuwa wakiweka bangili kwa Mhindi. Ndiyo maana tetemeko la Mei 2012 liliwauma sana. Rafu ziliangushana kama dhumna, na magurudumu maelfu kwa maelfu yakavunjika sakafuni.

Tukaonjeshwa la miezi 12, la 24 na la 36. La kwanza bado lina maziwa. La tatu linakatika vipande kama jiwe la chokaa, na chini ya meno kuna punje zinazolia. Si chumvi, ni protini iliyovunjika ikaganda. Nilichagua la 24 na sitaki mjadala.

Mjini Parma nitapita haraka. Nyumba ya ubatizo kando ya kanisa kuu, ya pembe nane na mawe ya waridi, ilianzishwa na Benedetto Antelami mwaka 1196, na kwa nje ndiyo jengo zuri kuliko yote niliyoyaona safari hii. Ndani ya kanisa, kwenye kuba, Correggio alichora Bikira Maria akipaa katikati ya umati wa miguu na mapaja. Inasemekana mtu mmoja wa kanisa alipoiona akasema ni mchuzi wa vyura. Parma hata matusi yao ni ya jikoni.

Dukani kwa muuza mapaja niliingia kwa ajili ya sindano. Paja lao hutiwa chumvi ya bahari peke yake, likatundikwa mwaka na zaidi. Ili kujua kama limeoza ndani, fundi analidunga kwa sindano ya mfupa wa farasi, anainusa, anaipangusa, anadunga pengine. Mfupa wa farasi una vitundu: unashika harufu upesi na kuiachia upesi. Muuzaji alinionyesha kwa furaha, akanikatia kipande chembamba kama karatasi, akaninyoshea. Nikaweka mkono kifuani, nikakataa. Hakuudhika. Akakila mwenyewe.

Chakula cha mchana kilikuwa tortelli d'erbetta, vimfuko vya tambi vyenye mboga ya majani, jibini laini, jibini la Parma na kungumanga, juu yake siagi iliyoyeyuka. Niliuliza swali langu mara mbili, mhudumu akajibu mara mbili "No, signora." Basi. Kama mtu ana mchana mmoja tu Emilia na dini kama yangu, apande treni ashuke Parma, aagize sahani hiyo. Mimi niliagiza ya pili, na mpwa wangu akajifanya hatujuani.

Ijumaa, Reggio Emilia

Reggio tuliipangia saa mbili, ikatuchukua mchana kutwa. Tulishuka stesheni saa tatu kasoro, na nyuma yetu mbao zote zikageuka kuandika neno moja. Mgomo. Italia migomo ya treni hutangazwa mapema, na siku za kazi treni chache zinahakikishwa asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, na jioni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku. Mpwa wangu alikuwa amelisoma tangazo. Alikuwa amelisoma Jumatatu.

"Umesahau?"

"Sikusahau Shangazi, nilidhani ni Ijumaa ijayo."

Baridi, ukungu, na kutwa nzima mbele yetu. Tukaanza na mkate wa mboga unaouzwa kila duka la mikate Reggio, erbazzone: spinachi na majani yake, vitunguu, jibini, kati ya vigamba viwili vyembamba. Mboga tupu, nikajipa moyo. Nikauliza. Mwenye duka akainua kidole kama mwalimu: bila strutto si erbazzone. Mtoto alisema ukweli, mpaka kwenye mboga. Nikanunua karanga za chestinati zilizochomwa kwenye mkaa pale uwanjani, nikala nimesimama, vidole vyeusi. Tamu kama viazi vitamu.

Bendera ya Italia ilizaliwa mji huu, tarehe 7 Januari 1797, katika ukumbi ambao sasa unaitwa Sala del Tricolore. Ya kwanza ilikuwa na milia ya kulala, nyekundu juu na kijani chini. Mzee mmoja wa pale alipojua natoka Afrika Mashariki alichangamka ghafla, akasema mji wao una udugu na Pemba.

"Pemba!" nikapiga kelele. Mamangu ana watu Wete. Nikaanza kumuuliza habari za karafuu, naye ananiangalia tu. Kumbe Pemba yake ni ile ya Msumbiji, Cabo Delgado. Tangu miaka ya 1970 Reggio iliisaidia Frelimo, hospitali ya hapa ikiwapelekea vifaa wapigania uhuru, na udugu ukabaki. Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, nikamwambia, akasema anajua, tena kwa sauti ya mtu aliyehuzunika kwamba siku hizi hakuna anayemuuliza. Tulikaa naye zaidi ya saa. Sikuwa nimetegemea katikati ya mkoa wa jibini nizungumze habari za Msumbiji na Mtaliano wa miaka themanini.

Ni yeye aliyetuelekeza kwenye duka la jibini la ng'ombe wekundu. Watu wa Reggio hawalisemi sana jina la Parma, wao husema jibini lilianza upande wao. Ng'ombe wao wa asili wana rangi ya udongo, maziwa yao machache lakini mazito, na miaka ya 1980 walikaribia kwisha kwa sababu ng'ombe weupe wenye madoa walitoa maziwa mengi zaidi. Wafugaji wachache wakakataa kuwaacha. Jibini lao halitoki kabla ya miezi 24. Nilinunua kilo moja, likafungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa. Kauli yangu ya jana kuhusu la miezi 24 naibadilisha: la miezi 24, ila la wekundu.

Saa kumi na mbili na dakika kumi treni ikaja, imejaa kama matatu ya Likoni. Tulisimama mpaka Bologna.

Jumamosi

Ndege ni usiku. Jibini limeingia sandukuni katikati ya madira. Chupa ya siki, kwa bahati ya yule mchora magari, ni mililita 100 kamili, kwa hiyo imeingia mkoba wa mkononi bila ugomvi. Lakini kabla sijaifunga mpwa wangu akaleta bati lake la halua, limebaki robo, na kijiko.

"Tone moja tu, Shangazi. Tuone."

Nikamwambia halua ina iliki, ina zafarani, ina lozi, haihitaji kitu. Akanitazama. Nikavunja lakiri. Tone jeusi likakaa juu ya halua nyekundu, halikuenea, likatetemeka hapo hapo. Akakata katikati, nusu yangu, nusu yake.

Tulinyamaza wote wawili.

"Baba asijue," akasema.

Nikamwambia aniongezee tone.